Daftari ni Amana: Nasaha kwa Wenye Maduka na Wahasibu Wao

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemtukuza mwanadamu kwa kalamu na ilimu. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye kabla ya kupewa utume alikuwa mfanya biashara, akichukua mali za watu hata Sham na kuzirudisha na faida yake, na watu wa Makka wakimwita Muaminifu.

Amma baad. Enyi ndugu zetu Waislamu, wako watu wanaodhani kwamba dini ni kazi ya msikitini tu, na kwamba duka na soko na daftari ni mambo ya dunia yasiyohusiana na imani ya mtu. Wenye kudhani hivi wamesahau kwamba aya iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani Tukufu haikuteremshwa kueleza sala, wala saumu, wala hija. Imeteremshwa kueleza maandishi ya deni. Ni aya ya 282 ya Suratul Baqara. Na tunataka leo, kwa idhini ya Mola, tuitazame aya hiyo kwa jicho la mwenye duka ndogo ambaye mambo yake yamefungwa na mhasibu asiyemsaidia.

Tumpige mfano mtu wa kwetu pwani aliyetoka kwenda kutafuta riziki katika mji wa Bondo, upande wa magharibi ya Kisumu, karibu na Ziwa Victoria. Si ajabu mtu wa pwani kuwako huko, kwani tangu reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 watu wetu wamekuwa wakienda na kurudi kwa biashara. Wala Bondo si mahali pasipojua biashara. Jaramogi Oginga Odinga, ambaye alizaliwa pande hizo, ndiye aliyeongoza watu wakachanga fedha zao kidogo kidogo, na mwaka 1947 ikaandikishwa kampuni yao iliyoitwa Luo Thrift and Trading Corporation. Watu wale walifahamu tangu zamani hizo kwamba mali ya wengi haisimami ila juu ya maandishi.

Mtu wetu huyu, basi, hununua dagaa wa ziwani, waitwao omena, katika fuo za Usenge na Wichlum, akawaanika, akawatia magunia na kuwauza Kisumu na Mombasa. Biashara yake haiendi sawasawa mwaka mzima, kwa sababu uvuvi wa omena husimamishwa miezi ya Aprili hadi Julai ili samaki wapate kuzaana. Tuseme miezi minane iliyobaki huuza bidhaa ya shilingi 300,000 kila mwezi, jumla yake kwa mwaka ni 2,400,000. Lakini faida ya dagaa ni nyembamba. Ukiondoa bei ya manunuzi, na magunia, na nauli, na ujira wa wanawake wanaoanika, tuseme humbakia shilingi 5 katika kila 100, yaani 120,000 kwa mwaka mzima.

Mtu huyu hajui taratibu za serikali, kwa hivyo amemwajiri mhasibu. Na sasa tutazame yanayompata.

Sheria ya Kenya imeweka kodi ya mauzo, ambayo wafanya biashara huiita TOT, juu ya mtu ambaye mauzo yake kwa mwaka yamepita shilingi milioni 1 wala hayakuzidi milioni 25. Tangu tarehe 1 Julai 2023 kiwango chake kiliwekwa kuwa asilimia 3. Na kodi hii haitazami faida, hutazama mauzo. Hulipwa kila mwezi, na taarifa yake hupelekwa kabla ya kupita tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Basi asilimia 3 ya 2,400,000 ni shilingi 72,000. Toa hizo katika ile faida ya 120,000, na mtu wetu abakiwa na 48,000 kwa jasho la mwaka mzima.

Walakini sheria hiyo hiyo imemruhusu mfanya biashara kumwandikia Kamishna kwamba hataki kodi ya mauzo, na kwamba ataka kutozwa juu ya faida yake kama watu wengine. Kwa viwango vilivyotumika baada ya mabadiliko hayo ya 2023, faida ya 120,000, ikiwa hana pato jingine, kodi yake ni asilimia 10, yaani 12,000. Na kila mkaazi amesamehewa 28,800 kwa mwaka. Basi mtu huyu asingedaiwa kitu. Tofauti ya 72,000 na sufuri ndiyo karo ya mtoto, ndiyo kodi ya nyumba, ndiyo mtaji wa msimu ujao.

Haya yote yamo katika sheria wazi, si hila wala werevu. Lakini njia hii ina sharti lake: awe na daftari zilizo sahihi, na kila gharama iwe na hati yake, na tangu tarehe 1 Januari 2024 gharama isiyokuwa na ankara ya mtambo wa serikali uitwao eTIMS haikubaliwi kuondolewa katika hesabu ya kodi. Na mvuvi wa ufuoni hatoi ankara. Hapa ndipo mahali pa mhasibu. Yeye ndiye wa kumwambia mwenye duka: njia hii yakufaa au haikufai, na hati hizi utazipata kwa namna hii. Mhasibu asipomwambia neno, na akapokea ujira wake kila mwezi kwa kubonyeza kitufe tu, amefanya kazi gani?

Tena wako wahasibu wenye ubaya kuliko huo. Wako ambao ikifika miezi ya kufungwa ziwa, na duka halina mauzo, hawapeleki taarifa kwa kuwa hakuna kitu cha kuandika. Na hali sheria yataka taarifa ipelekwe hata kama mauzo ni sufuri, na faini ya kuchelewa ni shilingi 1,000 kwa kila mwezi. Wako ambao humwandikisha mtu katika mtambo wa iTax kwa anwani ya barua pepe yao wenyewe na neno la siri wanalolijua wao tu, hata mwenye mali akawa mgeni katika mali yake. Akitaka kumwacha mhasibu huyo, huambiwa: lete kwanza kiasi fulani, ndipo nikupe neno la siri. Na wako ambao hawapokei simu ila wiki ya mwisho ya Juni, wakati milango yafungwa. Na faini ikija, haiji kwa mhasibu. Huja kwa mwenye duka, kwani mbele ya Mamlaka ya Ushuru yeye ndiye mlipa kodi.

Sasa turudi katika aya. Mwenyezi Mungu ametuamrisha tunapokopeshana kwa muda maalumu tuandike. Kisha akataka awepo mwandishi wa kuandika baina yetu kwa uadilifu, na akamkataza mwandishi huyo kukataa kuandika, maadamu Mwenyezi Mungu ndiye aliyemfundisha. Zingatieni neno hili, enyi ndugu. Ilimu ya kalamu hapa haikutajwa kuwa mali ya mwandishi. Imetajwa kuwa ni kipawa alichopewa na Mola, na kwa ajili hiyo hana ruhusa kuwazuilia waja. Mtu aliyesoma hesabu miaka mingi, kisha akaifanya ilimu yake kuwa kufuli juu ya mlango wa mnyonge, huyo amekigeuza kipawa kuwa silaha.

Katika aya hiyo hiyo Mwenyezi Mungu ameagiza kwamba yule ambaye haki iko juu yake ndiye atakayesema yaandikwe nini. Na akiwa ni dhaifu, au hawezi kusema mwenyewe, basi msimamizi wake amsemee kwa uadilifu. Wangapi katika wenye maduka leo ni dhaifu wa namna hii? Si kwamba hawana akili. Mtu aweza kuwa hodari wa kununua na kuuza, akajua bei ya gunia kwa kulitazama tu, na akawa kipofu mbele ya karatasi za kodi. Mhasibu ndiye msimamizi wake katika jambo hilo. Na msimamizi wa mnyonge ataulizwa.

Tena tutazame sifa mbili za Nabii Yusuf (A.S.) alipomwomba mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi. Hakujisifu kwa nasaba, wala kwa uzuri wake ambao watu wote waujua. Alitaja mambo mawili tu: kwamba yeye ni mwenye kuhifadhi, na ni mwenye kujua. Wanazuoni wametufahamisha kwamba moja bila ya pili haitoshi. Muaminifu asiyejua atakupoteza njia bila ya kukusudia, na mjuzi asiye na amana atakupoteza kwa kukusudia. Mwenye kutafuta mhasibu na atafute hayo mawili, na mwenye kujiita mhasibu na ajipime kwa hayo mawili.

Na tusisahau hadithi iliyo sahihi, ya kwamba Mtume wetu (S.A.W.) aliwalaani katika jambo la riba mlaji wake, na mlipaji wake, na mwandishi wake, na mashahidi wake wawili, akasema kwamba wote ni sawa. Mwandishi hakula hata senti moja ya riba ile, ameandika tu. Basi asiseme mhasibu: mimi ni kalamu tu, dhambi ni ya mwenye mali. Mwenye kuandika mauzo ya uongo, au mwenye kumwambia mwenye duka alete fungu la kumpa karani ili faini ifutwe, kalamu yake itamshuhudia. Na rushwa imelaaniwa kwa mtoaji na mpokeaji.

Hata kukagua hesabu si jambo lililoletwa na Wazungu, kama wadhanivyo baadhi ya watu. Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu aitwaye Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka za Bani Sulaym, na aliporudi alimtaka hesabu. Yule mtu akasema hii ni yenu, na hii nimepewa mimi zawadi. Mtume akakasirika, akauliza kwa nini asikae nyumbani kwa babake na mamake aone kama zawadi hiyo itamfuata huko. Na Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) ndiye aliyeweka diwani, daftari za majina na haki za watu. Dola ile haikusimama kwa panga peke yake. Ilisimama kwa daftari pia.

Enyi ndugu zetu, tumesema juu ya mhasibu, na haki yataka tuseme pia juu ya mwenye duka. Kwani aya ile ile iliyomkataza mwandishi kukataa, imekataza pia mwandishi kudhuriwa. Mwenye duka huleta karatasi za mwaka mzima ndani ya gunia, tarehe 28 Juni, nusu zimelowa na nusu zimeliwa na panya, akataka kesho yake hesabu iwe tayari. Mwenye duka hutumia laini moja ya simu kwa mauzo ya duka, na kwa michango ya harusi, na kwa fedha za matumizi ya nyumbani, hata mhasibu akifungua taarifa ya M-Pesa hajui lipi ni la biashara na lipi si la biashara. Mwenye duka huchelewesha ujira wa mhasibu miezi minne, kisha akastaajabu kwamba simu haipokelewi. Na hali tumeamrishwa kumpa mfanya kazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Hiyo pia ni dhulma, ingawa mwenye kudhulumu ni maskini.

Na liko jambo jingine ambalo hatuwezi kulinyamazia. Utaingia katika duka ya Muislamu, uone juu ya mlango hirizi imefungwa kwa uzi mweusi, na nyuma ya kaunta chupa ya kombe iliyonunuliwa kwa fedha nyingi ili biashara ivutike. Muulize: daftari ya mauzo iko wapi? Hana. Muulize: mwezi uliopita umepata faida au hasara? Atakujibu: Mungu ndiye ajuaye. Naam, Mwenyezi Mungu ajua. Lakini Yeye ndiye aliyekuamrisha uandike! Utaacha alichokuamrisha, ukashika asichokuamrisha, kisha ungoje baraka? Fedha ya kombe moja ingenunua daftari za mwaka mzima, na kalamu, na chenji ikabaki.

Wala madhara ya kutoandika hayaishii katika kodi ya serikali. Zaka ya biashara ni faradhi, na haijulikani ila kwa hesabu. Ukifika mwaka, Muislamu hukadiria bidhaa iliyomo dukani kwa bei ya siku ile, akaongeza fedha taslimu, na madeni anayotaraji kulipwa, akatoa madeni yaliyo juu yake. Ikiwa kilichobaki kimefika nisabu, ambayo wengi wa wanazuoni wa zama hizi huikadiria kwa thamani ya gramu 85 za dhahabu, hutoa mbili na nusu katika kila mia. Mtu asiye na daftari aijuaje zaka yake? Hukisia. Na mwenye kukisia haki ya mafakiri ima amewapunja, ima amejipunja nafsi yake. Tena akifa, warithi wake huachiwa mgogoro: fulani adai, fulani adaiwa, na ushahidi haupo. Nyumba ngapi zimevunjika, na ndugu wakaacha kusemezana, kwa sababu ya duka isiyokuwa na maandishi!

Basi dawa ni nini? Sisi katika darsa yetu twaona mambo haya.

Kwanza, kila mwenye duka na aweke daftari yake mwenyewe, hata kama ana mhasibu. Safu nne zatosha: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, na deni. Na asiogope kuandika kwa Kiswahili. Sheria ya Kenya ya taratibu za kodi ya mwaka 2015 imeruhusu hati ziwekwe katika lugha mojawapo ya lugha rasmi za nchi, na Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa moja katika hizo mbili. Na sheria hiyo yataka hati zihifadhiwe miaka 5, basi zisitumiwe kufungia karanga.

Pili, atenge fedha ya duka na fedha ya nyumba, na simu ya duka iwe mbali na simu ya nyumba.

Tatu, neno la siri la iTax na barua pepe viwe mikononi mwa mwenye mali. Mhasibu apewe ruhusa ya kufanya kazi, asipewe umiliki. Na kila mwezi baada ya tarehe 20 mwenye duka amwombe hati ya kupokelewa taarifa, aiweke katika jalada. Mwezi usio na mauzo na aombe hati kama mwezi wenye mauzo.

Nne, mkataba wa mhasibu na uandikwe, na mashahidi wawepo: kazi ni hizi, ujira ni huu, muda ni huu, na siku ya kuachana hati zote zitarudi kwa mwenyewe. Kuzuia daftari za mtu ili kumkamua fedha isiyokuwa katika mapatano ni khiyana katika amana.

Tano, kabla ya kumwajiri mtu, aulizwe cheti. Kwa sheria ya wahasibu ya Kenya ya mwaka 2008, mwenye kufanya kazi ya uhasibu wa umma lazima awe na cheti cha taasisi yao, iitwayo ICPAK, ambayo ilianzishwa mwaka 1978. Na taasisi hiyo ina kamati ya nidhamu inayopokea malalamiko. Kulalamika kwa haki si fitina. Fitina ni kumtangaza mtu barazani na kumharibia jina hali hukwenda panapohusika.

Sita, na hili ndilo kubwa, twawataka wakubwa wa madrasa zetu na matajiri wetu wafundishe vijana hesabu za biashara. Mji wenye vijana kumi wanaosoma qasida kwa sauti nzuri, na asiwepo hata mmoja awezaye kumwonyesha mjane wa jirani namna ya kujaza taarifa ya kodi ya kibanda chake, mji huo una upungufu. Fardhi kifaya haikukoma katika kuosha maiti. Ilimu ambayo umma wahitaji kwa maisha yao, na ikakosekana kabisa, wote huingia katika dhambi.

Na wewe mhasibu Muislamu, popote ulipo, Bondo au Kisumu, Mombasa au Lamu, jua kwamba lugha yetu imekuita kwa jina zito. Mhasibu atokana na hisabu, na siku ya Kiyama yaitwa Siku ya Hisabu. Siku hiyo wewe ndiye utakayefunguliwa daftari, na Mwandishi wake hakatai kuandika, wala hacheleweshi, wala hafuti kwa rushwa. Ikiwa leo yuko mtu aliyekupa amana ya karatasi zake, na amekupigia simu mara tatu hukumjibu, mpigie leo kabla jua halijakuchwa. Haki ya mja haisamehewi mpaka mja mwenyewe asamehe.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wale wanaojihesabu nafsi zao kabla hawajahesabiwa, azitie baraka mali zetu za halali, na awape wenye ilimu katika sisi huruma juu ya wasiokuwa nayo. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.